Mkataba wa Muda Maalumu au wa Mwezi kwa Mwezi: Upi Umfae Mpangaji, Upi Umfae Mwenye Nyumba

Mtu anapopewa karatasi ya mkataba wa nyumba, jicho lake hukimbilia kiasi cha kodi, kisha tarehe ya kuhamia, na mara nyingi huishia hapo. Mstari unaoeleza upangaji utadumu kwa muda gani husomwa kana kwamba ni utaratibu tu wa uandishi. Ilhali mstari huo ndio unaoamua ni nani atakayebeba mzigo siku mambo yatakapobadilika: kazi ikihamia mji mwingine, mwenye nyumba akitaka kuuza, kodi za mtaa mzima zikipanda, au familia ikiongezeka na vyumba visitoshe. Nimeona wapangaji na wenye nyumba wakigombana kwa miezi juu ya jambo ambalo lilikwisha kuamuliwa siku ya kwanza, katika sentensi moja ambayo hakuna kati yao aliyeisoma vizuri. Kwa sababu hiyo nimezilinganisha hapa aina mbili kuu za upangaji wa nyumba za kuishi, haki kwa haki na wajibu kwa wajibu, ili kila upande uchague ukijua unachopata na unachoacha.

Aina mbili, na jinsi watu wanavyojikuta ndani yake

Mkataba wa muda maalumu una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, iwe ni baada ya miezi sita, mwaka mmoja au miaka mitatu. Kanuni yake ya msingi ni kwamba pande zote mbili zimefungana hadi tarehe hiyo: mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji anayetimiza masharti kwa sababu tu amepata mtu wa kulipa zaidi, na mpangaji naye hawezi kurudisha funguo katikati ya muda akadhani deni limekwisha. Mkataba wa mwezi kwa mwezi, ambao wanasheria huuita upangaji wa kipindi, hauna tarehe ya mwisho. Hujirudia kila kipindi cha kodi kinapoanza, na huendelea hadi upande mmoja utoe notisi ya urefu unaotakiwa na sheria au na mkataba wenyewe.

Watu wengi wamo katika aina ya pili bila kuichagua. Anayepanga kwa makubaliano ya mdomo, bila kutajiwa muda, akalipa kodi kila mwezi na kodi hiyo ikapokelewa, kwa kawaida huhesabiwa kisheria kuwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, katika kifungu cha 57, inasema hivyo waziwazi: upangaji usiotaja muda wala notisi huchukuliwa kuwa wa kipindi, na mpangaji anayeendelea kukaa kwa ridhaa ya mwenye nyumba baada ya muda wa mkataba kwisha naye huingia katika kundi hilo, isipokuwa kama wawili hao wamekubaliana vingine. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi sina mkataba" mara nyingi anao, ila hana karatasi ya kuuthibitisha, na ukosefu huo wa karatasi utamwumiza zaidi pale mwenzake atakapokumbuka makubaliano kwa namna tofauti na yeye.

Haki na wajibu usiotegemea aina ya mkataba

Kuna imani potofu kwamba mpangaji wa mwezi kwa mwezi ni kama mgeni anayevumiliwa, na kwamba haki kamili huanza mtu anapotia saini mkataba wa mwaka. Imani hiyo huwafanya watu wakubali mambo ambayo sheria haiyakubali. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, katika ufafanuzi wake wa 1991 kuhusu makazi yanayofaa, ilitaja usalama wa kisheria wa kukaa kuwa sehemu ya kwanza ya haki hiyo, na ikasema kwamba kila mtu, kwa aina yoyote ya umiliki au upangaji, anastahili kiwango fulani cha ulinzi dhidi ya kufukuzwa kwa nguvu na kutishwa. Katiba ya Afrika Kusini, katika kifungu cha 26, inakataza mtu yeyote kutolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama iliyotolewa baada ya kuzingatia mazingira yote yanayohusika.

Kwa maneno ya kila siku, hii ina maana kwamba katika aina zote mbili mwenye nyumba anatakiwa kukabidhi nyumba inayokalika na kuidumisha katika hali hiyo, hasa paa, kuta, mabomba, nyaya za umeme na milango inayofungika. Anatakiwa kumwacha mpangaji akae kwa utulivu, maana yake asiingie ndani bila taarifa isipokuwa kwa dharura ya kweli kama vile moto au bomba lililopasuka. Na pale anapotaka nyumba yake, anatakiwa kufuata njia ya notisi na mahakama. Kubadilisha kufuli, kukata maji au kung'oa mlango si njia, hata kama mpangaji anadaiwa kodi ya miezi mingi. Katika nchi nyingi vitendo hivyo humgeuza mdai kuwa mdaiwa, na wakati mwingine kuwa mshtakiwa.

Mpangaji naye ana wajibu usiopungua kwa sababu mkataba wake ni mfupi. Alipe kodi siku iliyokubaliwa, aitunze nyumba kama mtu mwangalifu angeitunza yake, asibomoe wala kujenga bila ruhusa, asiwaingize watu wengine kama wapangaji wake bila kibali, na atoe taarifa mapema anapoona hitilafu. Hili la mwisho hupuuzwa sana. Uvujaji mdogo ambao mpangaji aliunyamazia hadi dari likaanguka unaweza kumfanya awajibike kwa sehemu ya hasara, ingawa uvujaji wenyewe haukuwa kosa lake. Wengi pia hudhani wana haki ya kuzuia kodi hadi matengenezo yafanyike. Mahali pengi sheria hairuhusu mpangaji ajiamulie hivyo bila utaratibu maalumu, na anayezuia kodi kwa hasira hujikuta amempa mwenye nyumba sababu halali ya kumtoa. Njia salama ni kuandika malalamiko, kutaja tarehe, kubaki na nakala, na kwenda kwenye baraza au mahakama inayoshughulikia migogoro ya nyumba huku kodi ikiendelea kulipwa.

Usalama wa kukaa

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na hapa ndipo ushauri wa jumla unaosema kwamba mkataba mrefu ni salama zaidi unapoweza kumpotosha mtu. Jibu linategemea swali moja ambalo kila mpangaji anapaswa kuuliza kabla ya swali la kodi: je, sheria ya mahali hapa inamtaka mwenye nyumba awe na sababu ndipo amtoe mpangaji wa mwezi kwa mwezi?

Kama jibu ni hapana, yaani mwenye nyumba anahitaji notisi tu na si sababu, basi mpangaji wa mwezi kwa mwezi hana uhakika wa zaidi ya urefu wa notisi yake. Mahali pa namna hiyo mkataba wa muda maalumu ndio ngao pekee aliyo nayo, na mwaka mmoja ulioandikwa una thamani kubwa kuliko ahadi ya mdomo ya kukaa "hata miaka kumi".

Lakini pale ambapo sheria inadai sababu, mizani hugeuka. Huko Uskoti, sheria ya 2016 iliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2017 ilileta upangaji binafsi usio na tarehe ya mwisho kabisa. Mpangaji anaweza kuondoka kwa notisi ya siku 28, wakati mwenye nyumba anaweza kuipata tena nyumba yake kwa kuthibitisha tu mojawapo ya sababu zilizoorodheshwa katika sheria, kama vile kutaka kuuza, kutaka kuishi humo mwenyewe, au malimbikizo ya kodi. Ujerumani nayo, kwa sheria yake ya madai, inamtaka mwenye nyumba awe na sababu halali ya kusitisha upangaji usio na muda; notisi yake huanza na miezi mitatu, hufika sita mpangaji akishakaa miaka mitano, na tisa akishakaa miaka minane, huku notisi ya mpangaji ikibaki miezi mitatu tu muda wote. Katika nchi hiyohiyo mkataba wa muda maalumu hauruhusiwi kiholela: ni lazima sababu ya kuuwekea mwisho itajwe kwa maandishi, kama vile mwenye nyumba kupanga kuhamia humo au kuibomoa. Uholanzi ilifuata mwelekeo huo kuanzia tarehe 1 Julai 2024 ilipofanya mkataba usio na mwisho uwe ndio wa kawaida, na Uingereza, kwa sheria iliyopitishwa 2025, ikapanga 1 Mei 2026 kuwa siku ambayo upangaji binafsi wa kawaida ungeacha kuwa na muda maalumu na notisi isiyo na sababu ingefutwa.

Somo ninalolipata katika mifano hiyo ni kwamba neno "mwezi kwa mwezi" halina uzito mmoja kila mahali. Mahali pamoja ni uzi mwembamba, mahali pengine ni kamba iliyo imara kuliko mkataba wa miaka miwili, kwa sababu mkataba wa miaka miwili una siku ya kwisha na upangaji unaolindwa na sababu hauna. Anayeshauriwa na rafiki aishiye nchi nyingine akumbuke hilo. Na anayehama ndani ya nchi moja ambayo majimbo yake hutunga sheria zao za nyumba, kama Marekani, aulize upya hata kama aliwahi kupanga miaka ishirini.

Kodi inapopanda

Mkataba wa muda maalumu hufunga kodi. Mwenye nyumba aliyekubali kiasi fulani kwa mwaka mzima hawezi kukipandisha katika mwezi wa tano kwa kusema gharama zimepanda, isipokuwa mkataba wenyewe una kifungu cha kupitia kodi. Kifungu hicho ndicho cha kutafuta kwa kalamu mkononi. Kikisema kodi itaongezwa kwa asilimia iliyotajwa, katika tarehe iliyotajwa, mpangaji anaweza kupiga hesabu na kuamua. Kikisema tu kwamba kodi "inaweza kurekebishwa kulingana na hali ya soko", basi amepewa vifungo vya mkataba mrefu bila faida yake kubwa, na mimi singemshauri mtu atie saini maneno hayo bila kuomba yaandikwe upya.

Katika upangaji wa mwezi kwa mwezi kodi inaweza kupandishwa kwa notisi, na mpangaji asiyeridhika anabaki na hiari ya kuondoka. Kinachomlinda ni sheria ya nchi, si mkataba. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya Uganda ya 2022 iliweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka, kiwango ambacho mamlaka husika inaweza kukibadilisha. Ujerumani hairuhusu kodi ya mpangaji aliyemo kupanda zaidi ya asilimia 20 ndani ya miaka mitatu, na asilimia 15 katika maeneo yenye uhaba wa nyumba, pale ongezeko linapofanywa kufuatana na kodi za eneo. Mahali ambapo hakuna kikomo chochote, mwenye nyumba asiye na sababu ya kumtoa mpangaji anaweza kumtoa kwa kodi, na hilo ni lazima lihesabiwe na anayefikiri kwamba upangaji wa mwezi kwa mwezi unampa uhuru bila gharama.

Kuondoka kabla ya wakati

Niliwahi kuhama nyumba ikiwa imebaki miezi minne ya mkataba wa mwaka. Nilitoa notisi ya mwezi mmoja, nikasafisha, nikakabidhi funguo, nikaamini nimetenda kiungwana. Mwenye nyumba alinionyesha kifungu nilichokitia saini, na alikuwa na haki. Kodi ya miezi iliyobaki ilikuwa deni langu hadi apatikane mpangaji mwingine. Tangu siku hiyo sisomi mkataba wowote bila kuanza na swali la namna ya kutoka.

Katika mkataba wa muda maalumu, anayeondoka mapema kwa kawaida huendelea kudaiwa. Kuna mambo matatu yanayoweza kupunguza uzito huo. La kwanza ni kifungu cha kukatisha mkataba, kinachoruhusu upande mmoja au pande zote kujitoa baada ya muda fulani, tuseme miezi sita, kwa notisi iliyotajwa. La pili ni kanuni iliyopo katika nchi na majimbo kadhaa kwamba mwenye nyumba hawezi kukaa mikono mitupu akihesabu hasara, bali afanye juhudi za kawaida za kupata mpangaji mpya. La tatu ni sheria inayompa mpangaji mlango wa dharura bila kujali mkataba unasemaje: Afrika Kusini, kwa Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2008, humruhusu mpangaji wa kawaida kukatisha mkataba wa muda kwa notisi ya siku 20 za kazi, ingawa mwenye nyumba anaweza kudai fidia ya kadiri. Ufaransa imekwenda mbali zaidi. Nyumba isiyo na samani, ikiwa ni ya mtu binafsi, hupangishwa kwa angalau miaka mitatu, lakini mpangaji anaweza kuondoka wakati wowote kwa notisi ya miezi mitatu, au mwezi mmoja katika miji yenye uhaba wa nyumba. Muda huo mrefu unamfunga mwenye nyumba kuliko unavyomfunga mpangaji, na pengine ni mpango ambao nchi nyingine zingeutazama kwa makini.

Katika upangaji wa mwezi kwa mwezi kuondoka ni rahisi, lakini notisi ina hesabu yake. Sheria ya Kenya niliyoitaja inataka notisi isipungue kipindi cha upangaji na ikome siku ya kulipa kodi. Anayelipa tarehe 1 kila mwezi akatoa notisi tarehe 10 Machi hatakuwa huru tarehe 10 Aprili. Notisi yake itakoma tarehe 1 Mei. Wapangaji wengi hupoteza sehemu ya amana kwa sababu ya siku hizo ishirini ambazo hawakuzihesabu.

Wanaopanga pamoja wana tahadhari ya ziada. Mkataba unaposema wapangaji wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake, mmoja akitoweka katikati ya mwaka waliobaki watalipa kodi nzima. Katika upangaji wa kipindi hatari ni nyingine: mahakama za Uingereza zimeshikilia kanuni kwamba notisi ya mpangaji mwenza mmoja inaweza kumaliza upangaji kwa wote, hata kwa yule ambaye hakujua kwamba notisi imetolewa. Wenzi wanaotengana wajue jambo hilo mapema.

Amana na hali ya nyumba

Amana haitofautiani sana kati ya aina hizi mbili, kwa hiyo sitakaa hapa muda mrefu. Viwango vyake huwekwa na sheria au soko: Ujerumani kikomo ni kodi ya miezi mitatu bila gharama za huduma, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu, Ufaransa ni mwezi mmoja kwa nyumba isiyo na samani. Afrika Kusini inataka mwenye nyumba na mpangaji waikague nyumba pamoja mwanzoni na mwishoni, kisha amana irudishwe pamoja na riba ndani ya siku 7 ikiwa hakuna uharibifu, au 14 baada ya nyumba kukabidhiwa ikiwa kuna gharama za matengenezo za kukatwa.

Popote ulipo, mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha kila chumba siku ya kuingia, andika kila ufa na kila kitasa kilicholegea, na pande zote zitie saini orodha hiyo. Rangi iliyofifia kwa jua na zulia lililochakaa kwa kukanyagwa ni uchakavu wa kawaida ambao mwenye nyumba anaubeba mwenyewe; kioo kilichovunjwa na mlango uliotobolewa ni vya mpangaji. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi ajihadhari na desturi ya kuacha kulipa kodi ya mwezi wa mwisho kwa hoja kwamba amana itaziba. Isipokuwa mwenye nyumba amekubali kwa maandishi, hilo ni deni la kodi, na humwacha mwenye nyumba bila kinga yoyote dhidi ya uharibifu atakaoukuta.

Jambo moja katika hali ya nyumba linatofautiana kweli, nalo ni ujasiri wa kulalamika. Mpangaji mwenye miezi minane mbele yake anaweza kudai bomba litengenezwe bila kuogopa kupokea notisi wiki inayofuata. Wa mwezi kwa mwezi, pale ambapo sheria haidai sababu, huogopa, na hofu hiyo humfanya aishi na unyevu ukutani na nyaya zilizo wazi. Baadhi ya sheria hukataza notisi ya kulipiza kisasi, lakini kuithibitisha si kazi nyepesi. Mtu mwenye watoto wadogo au mgonjwa wa kifua nyumbani alipime hili kwa uzito wake.

Upande wa mwenye nyumba

Kwa mwenye nyumba, mkataba wa muda maalumu unampa mapato anayoweza kuyapangia na kumpunguzia miezi ambayo nyumba inakaa tupu, ambayo ndiyo hasara kubwa isiyoonekana katika biashara hii. Gharama yake ni kwamba amejifunga. Akiuza nyumba katikati ya muda, kanuni iliyoenea ni kwamba mnunuzi huichukua nyumba pamoja na mpangaji wake na masharti yake. Ujerumani imeiandika kanuni hiyo katika sheria yake kwa uwazi kabisa. Akigundua kwamba mpangaji si mtu wa kukaa naye, lakini kodi inalipwa na masharti yanatimizwa, atasubiri.

Upangaji wa mwezi kwa mwezi unamfaa anayejua kwamba ataihitaji nyumba karibuni: mtoto anayerudi kutoka masomoni, ukarabati mkubwa unaokuja, uuzaji ambao haujapata tarehe. Huyo angefanya vibaya kutia saini miaka miwili kisha aanze kutafuta visingizio vya kumtoa mtu aliyekwisha kuhamishia watoto wake shule za jirani. Amweleze mpangaji ukweli siku ya kwanza, na kama inawezekana amwongezee notisi iwe miezi miwili au mitatu. Kinyume chake, mwenye nyumba asiye na mpango wowote wa kuitumia nyumba yake, lakini anayekataa mkataba wa mwaka ili mpangaji abaki na wasiwasi, anajidhuru pia. Mtu asiyejua kama atakuwepo mwezi ujao hapandi maua uani, hatengenezi bawaba kwa mkono wake, na huondoka mara tu apatapo penye uhakika.

Ninavyoshauri kuchagua

Familia yenye wanafunzi, mahali ambapo sheria haimtaki mwenye nyumba awe na sababu, ichukue mkataba wa muda maalumu wa mwaka au zaidi, na idai kifungu cha kukatisha kitakachoitumikia pale kazi itakapohama. Kifungu hicho kikimpa mwenye nyumba haki ileile ya kukatisha, basi muda wote uliobaki baada ya tarehe yake haupo kwa mpangaji. Akisome kwa macho hayo. Familia hiyohiyo, mahali ambapo sababu inatakiwa, haina haja ya kuogopa upangaji usio na mwisho, na mara nyingi ndio bora kwake.

Aliyefika mji mgeni, ambaye hajaujua mtaa wala hajamaliza kipindi cha majaribio kazini, aanze na mwezi kwa mwezi hata kama kodi yake ni kubwa kidogo. Hiyo ziada ni bei ya kuwa huru, na ni ndogo kuliko kulipia miezi saba ya nyumba asiyoishi. Akishatulia aombe muda. Anayepanga na wenzake asiowajua vizuri atafute mkataba wa chumba chake mwenyewe, wa aina yoyote, kabla ya kukubali kuwajibika kwa kodi ya wengine.

Kwa wale ambao hawaoni kama aina mojawapo inawatosha, kuna njia ya katikati ambayo hutumika kidogo kuliko inavyostahili: upangaji wa mwezi kwa mwezi ulioandikwa, wenye notisi ndefu iliyokubaliwa, kwa mfano miezi mitatu kwa mwenye nyumba na mmoja kwa mpangaji, na kodi iliyofungwa kwa miezi kumi na miwili. Makubaliano yanayompa mpangaji zaidi ya kiwango cha sheria kwa kawaida hukubalika; yanayompunguzia haki ambayo sheria imemhakikishia kwa kawaida hayasimami mahakamani, hata yakiwa na saini mbili na mashahidi.

Aliyechagua muda maalumu amebakiwa na kazi moja zaidi, nayo ni kujua siku ya mwisho ina maana gani. Mikataba mingine hukoma yenyewe, mingine hugeuka kuwa ya mwezi kwa mwezi mpangaji akibaki na kodi ikipokelewa, na mingine ina kifungu kinachoirefusha kwa mwaka mwingine mzima asipotoa taarifa ya kuondoka kabla ya siku 60 au 90 zilizotajwa. Tafuta kifungu hicho leo, hesabu siku kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho, na uiandike tarehe utakayoipata mahali utakapoiona kila siku. Barua ya kuomba kuongezewa muda au ya kutoa taarifa ya kuhama iwe imekwisha kupokelewa, na nakala yake kutiwa saini, kabla ya siku hiyo kufika.